Kozi ya bure na kozi huria ni vitu viwili

Mhariri,

Habari za kozi za bure za mtandaoni huandikwa karibu kila mara kwa mtindo uleule: chuo fulani chenye jina kimefungua milango, jisajili hapa, habari imeisha. Msomaji anajisajili, anatazama video za wiki ya kwanza kwa hamu, halafu siku ya kufanya jaribio anakuta kufuli na bei. Hakuna aliyemwibia. Kachanganyiwa tu maneno mawili, "bure" na "huria", ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni pacha.

Bure maana yake hulipi leo. Huria maana yake umepewa ruhusa kwa maandishi, na ruhusa hiyo haitanguliwi kesho. Watu wa fani hii, wakimfuata Mmarekani David Wiley, huzihesabu ruhusa zenyewe kuwa tano: kubaki na nakala yako, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na kazi nyingine, na kuisambaza. Video iliyo kwenye jukwaa la kibiashara inaweza kukunyima zote tano na bado ikatangazwa kuwa ya bure.

Tofauti hii ina historia. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni maandishi ya masomo yake, na mwaka uliofuata yakatoka masomo 50 ya mwanzo kwa jina la OpenCourseWare. Mwaka huohuo wa 2002 UNESCO iliitisha mkutano ambao ndio uliozaa jina la rasilimali huria za elimu, na Desemba zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mwandishi huziambatisha kwenye kazi yake. Kwa hiyo elimu huria na leseni zilizaliwa pamoja. Kozi za halaiki, zinazosajili maelfu ya watu kwa pamoja mtandaoni, zilikuja baadaye na kwa njia nyingine: mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo lao la akili unde (AI) la chuo cha Stanford kwa umma, wakajisajili watu wapatao 160,000, na mwaka 2012 yakazinduliwa majukwaa ya Coursera, Udacity na edX. Hawa walifungua mlango. Funguo walibaki nazo.

Na mwenye funguo anaweza kufunga. Juni 2016 Coursera ilizima mfumo wake wa zamani, na mamia ya kozi zilizokuwa humo zikaondoka nao. Kwenye kozi nyingi mazoezi yenye alama yalihamia upande wa wanaolipa. edX, iliyoanzishwa na MIT na Harvard bila lengo la faida, iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na Julai 2024 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Hatusemi majukwaa haya hayana maana. Masomo yake mengi yametengenezwa vizuri kuliko yanayofundishwa darasani. Tunachosema ni kwamba shule inayojenga mtaala wake juu ya kozi isiyoweza kupakuliwa imejenga kwenye kiwanja cha mtu. Maandishi ya OpenCourseWare, kwa upande wake, yamo kwenye diski za watu wasiohesabika, na hakuna kikao cha wanahisa kinachoweza kuyafuta.

Basi jambo la kwanza kutafuta kwenye kozi yoyote ni leseni. Iko chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, na ile ya Creative Commons husomwa kwa herufi mbilimbili. BY inadai umtaje mwandishi. SA inadai kazi utakayoitoa ibebe leseni ileile. NC inakataza matumizi yanayolenga faida ya kibiashara. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Usipoona herufi yoyote, chukulia kwamba haki zote zimehifadhiwa, hata kama video inatazamwa bure na dunia nzima.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, herufi za kuogopa ni ND. Tafsiri kisheria ni badiliko. Kitabu chenye ND unaweza kukichapa nakala elfu kama kilivyo, lakini ukikitafsiri huruhusiwi kuisambaza tafsiri hiyo. Kuna vikundi ambavyo hugundua hili baada ya kumaliza sura ya nane. Mtego wa pili ni kuchanganya: sura yenye BY-SA haiwezi kushonwa na sura yenye BY-NC-SA kuwa kitabu kimoja kilichorekebishwa, kwa sababu kila moja inadai kazi nzima ibebe leseni yake, na leseni mbili hazikai kwenye jalada moja. Masomo ya OpenCourseWare yana BY-NC-SA. Vitabu vingi vya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, vina BY peke yake, ndiyo maana ni rahisi zaidi kuvikata na kuvishona upya. Kutaja mwandishi nako kuna utaratibu: jina la kazi, mwandishi, mahali ilipotoka, leseni pamoja na toleo lake, kisha maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Mstari mmoja chini ya picha unatosha. "Picha kutoka mtandaoni" haitoshi.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: kazi inaweza kuwa na leseni nzuri na bado isirekebishike. Ukipewa faili la PDF peke yake, au mchoro ambao maneno yake yamechomwa ndani ya picha, una ruhusa lakini huna nyenzo. Omba faili la asili, lile lililoandikiwa. Wengi wanaotoa kazi zao kwa leseni huria hulitoa bila ubishi. Hawakuliweka mtandaoni kwa sababu hakuna aliyeliuliza.

Tuje kwa wanaomaliza, maana hapo ndipo ahadi ya elimu hii hupigiwa kelele kutoka pande zote mbili. Kozi ya kwanza ya MIT ya saketi na elektroniki, mwaka 2012, ilisajili watu 154,763 na waliofaulu walikuwa 7,157, yaani chini ya 5 katika kila 100. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha kwenye jarida la Science takwimu za miaka sita za kozi za MIT na Harvard: katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya waliojisajili. Zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi hata kurudi kuanza. Mpinzani huzisoma namba hizi akacheka. Lakini kujisajili hakugharimu hata thumni, kwa hiyo wengi kwenye hesabu hiyo ni sawa na mpita njia aliyechungulia dukani. Na wale 7,157 si haba: mwalimu mwenye darasa la watu 100 kwa mwaka angehitaji zaidi ya miaka 70 kuwafikisha.

Namba nyingine kwenye takwimu hizohizo ndiyo ya kukaa nayo. Kwa wale waliolipia cheti, waliomaliza mwaka huo walikuwa asilimia 46. Pesa yenyewe haimfundishi mtu kitu. Aliyelipa amejifunga: kuna tarehe, kuna anachopoteza, na mara nyingi kuna mtu nyumbani anayeuliza umefika wapi. Kamba hiyo inaweza kufungwa kwa njia nyingine, bila pesa, lakini lazima mtu aifunge. Haijifungi.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa kijana wa miaka 15 wa Mongolia aliyepata alama zote kwenye kozi ile ya elektroniki. Husimuliwa kama muujiza wa kijana na kompyuta yake. Kinachoachwa ni kwamba mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, na kwamba mwanafunzi wa Stanford alisafiri hadi huko na masanduku ya vifaa vya maabara, akawaendesha mazoezi ya mikono yeye na wenzake. Kipaji kilikuwepo, kozi ilikuwepo, na waliomshika mkono pia walikuwepo. Ukiondoa hao wa mwisho, unabaki na asilimia 3.

Kwa hiyo anayetaka kusoma kozi ya namna hii asianze peke yake akiweza kuepuka. Kikundi cha watu watano hadi wanane kinatosha. Wakizidi hapo wengine hujificha nyuma ya wenzao. Video kila mtu atazame kabla ya kukutana, kwani kikundi kinachokutana kutazama video pamoja kimegeuka ukumbi wa sinema. Kikao cha dakika 90 kinaweza kugawanywa hivi: dakika 20 mmoja, kwa zamu, aeleze somo la wiki bila kusoma, dakika 50 za mazoezi kwenye karatasi, zinazobaki kwa yale yaliyoshindikana. Ubovu wa kawaida ni mwerevu mmoja kufanya yote huku wengine wakinakili. Dawa yake ni kumnyima kalamu: aeleze kwa mdomo tu, mwingine aandike. Na watu wawili wakikosa kikao, rudieni wiki hiyohiyo. Kozi nyingi zilizo huria hazina tarehe ya mwisho, kwa hiyo hakuna anayewakimbiza.

Kabla ya kuanza, usipime kozi kwa wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza ya karibu kila kozi ni chai na maandazi: karibuni, mimi ni profesa fulani, tutasoma haya na haya. Fungua mazoezi ya wiki ya tatu. Kama huelewi hata kinachoulizwa, umekosa msingi, mara nyingi hisabati. Tafuta kwanza kozi ya huo msingi. Kama unaelewa swali lakini hujui jibu, hapo ndipo pako. Na kama huruhusiwi kuyaona mazoezi ya wiki ya tatu kabla ya kulipa, basi unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Usahihishaji ndio kidonda kikubwa cha elimu hii. Maswali ya kuchagua jibu husahihishwa na mashine, na siku hizi hujibiwa na mashine pia, jambo linalopunguza thamani ya vyeti vingi vya mtandaoni. Insha na miradi hupelekwa kwa wanafunzi wengine wasahihishe, kwa kawaida watatu au zaidi kwa kila kazi. Kwenye kozi yenye tarehe mpango huu hufanya kazi. Kwenye kozi ambayo kila mtu anakwenda kwa kasi yake, aliyechelewa hukuta hakuna wa kumsahihisha, na kazi yake hukaa wiki na wiki. Tena mwenye lugha dhaifu hupunguziwa alama za hoja kwa sababu ya sarufi. Anayetunga mwongozo wa alama anaweza kupunguza ubaya huu kwa kuuliza mambo ya ndiyo au hapana: "Je, mwandishi ametaja vipimo vya kila namba?" Swali la "Je, kazi ni nzuri?" huleta majibu mengi kama wasahihishaji wenyewe. Kwa anayetafuta kazi, ushauri wetu ni kubaki na mradi wenyewe, kwenye faili, unaoweza kufunguliwa na kukaguliwa. Cheti kinaeleza kwamba akaunti fulani ilimaliza hatua fulani. Mradi unaonyesha unachojua.

Sasa gharama ambayo neno "bure" huificha: intaneti. Chukua kozi ya wiki sita yenye saa mbili za video kila wiki, jumla saa 12. Video ya ubora wa kati inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo kozi nzima ni gigabaiti 5.4, na hapo hujarudia hata somo moja. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 28.8 kwa saa, jumla kama 346. Manukuu, yaani maneno ya video yaliyoandikwa, ya saa zote 12, pamoja na alama zake za muda, ni takriban megabaiti moja. Moja. Mtu mwenye bando dogo na kozi isiyo na michoro mingi anaweza kusoma manukuu, kusikiliza sauti, na kufungua video pale tu mwalimu anapochora. Jukwaa lisiloruhusu kupakua manukuu limemfungia nje mtu huyu, hata likitangaza kwamba liko wazi kwa wote.

Shule au maktaba inaweza kukwepa gharama hii karibu yote. Programu ya Kolibri, ya shirika la Learning Equality, hupakua masomo mara moja palipo na intaneti, huyabeba kwenye diski, kisha huyagawa kwa simu na kompyuta za darasani kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti kabisa. Inakubali kukaa hata kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye kadi ya gigabaiti 128. Mwanafunzi anafungua kivinjari cha simu yake na kuandika anwani ya mashine hiyo. Wanaoanzisha mpango huu hukwama kwa mambo yaleyale. La kwanza ni umeme: ukikatika ghafla mashine ikiwa inaandika, kadi huharibika na masomo yote hupotea. Weka betri ya akiba, fundisha watu kuizima kwa utaratibu, na hifadhi kabatini kadi ya pili iliyonakiliwa tayari. La pili ni Wi-Fi. Simu 30 zikitazama video ya megabiti 1 kwa pamoja ni megabiti 30 mfululizo, na redio ndogo iliyo ndani ya mashine huelemewa. Nunua kisambaza mawimbi cha pembeni na uunganishe kwa waya. La tatu hugunduliwa wakati umechelewa: mashine nyingi za aina hii hazina betri ya saa. Zikizimwa bila intaneti husahau tarehe, na ripoti za maendeleo ya wanafunzi zinajaa siku ambazo hazikuwepo. Kipande cha saa chenye betri yake kinaondoa tatizo hilo.

Kuhusu watengenezaji wa masomo, tuseme moja tu. Utaambiwa video isizidi dakika sita. Namba hiyo inatokana na utafiti wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliochunguza mara milioni 6.9 ambazo video za edX zilitazamwa. Ni utafiti mzuri, ila ulihusu kozi nne, na ulipima muda ambao watu walibaki wakitazama. Haukupima walichoelewa. Kata video pale wazo linapoisha, si pale saa inapogonga.

Tafsiri ndipo kazi ya wasomaji wa gazeti hili inapohitajika zaidi. Faili la manukuu ni maandishi matupu: namba ya mfuatano, mstari wa muda kama 00:01:12,000 --> 00:01:15,500, kisha maneno. Mtu yeyote anaweza kulifungua na kuandika. Kwa mfano huu una sekunde tatu na nusu, na msomaji wa kawaida humudu herufi kama 15 kwa sekunde, kwa hiyo una nafasi ya herufi 52 hivi. Maneno yetu ni marefu; sentensi ikizidi hapo, fupisha au uigawe, la sivyo itapotea kabla haijasomwa. Mashine ya kutafsiri itakupa rasimu ya haraka, lakini huvuruga upatanisho wa ngeli na, kibaya zaidi, hulibebesha neno moja dhana tatu. Kwenye somo la fizikia "nguvu" huwekwa pale palipotakiwa kani, palipotakiwa nishati, na kwa kile kinachopimwa kwa wati. Mwanafunzi anayefuata hesabu anaona nguvu sawa na nguvu mara muda, anadhani yeye ndiye mjinga. Kwa hiyo andaeni faharasa kabla ya sentensi ya kwanza: istilahi 150 au 200 za somo, kila moja na neno moja mliloafikiana. Mkiamua nishati, iwe nishati hadi video ya mwisho. Mkiamua kawi, neno jingine la dhana hiyohiyo, iwe kawi. Mtafsiri mmoja akae juu ya faharasa, wengine wagawane video. Aliyezoea kusahihisha mitihani ya somo lenyewe ndiye anayefaa kupitia mwisho, hata kama si fundi wa lugha, kwa sababu anajua wanafunzi hukosea wapi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila gazeti lako linapotangaza kozi ya mtandaoni, liongeze mistari minne chini ya habari: leseni yake kwa herufi zake, kama video na manukuu vinapakuliwa, na kwa ukubwa gani, sehemu gani inalipiwa na inafika wiki ya ngapi, na msomaji anatakiwa awe anajua nini kabla. Mwandishi akishindwa kujaza mstari wa kwanza, aandike "haki zote zimehifadhiwa" na kuendelea na mengine.

Ni sisi,
Watayarishaji na watafsiri wa masomo ya mtandaoni